Desemba 1959: wanahisa wadogo walipoizuia BMW isiuzwe. Uchambuzi wa kisa

Tarehe 9 Desemba 1959 wanahisa wa BMW waliitwa München kupigia kura pendekezo lililokwisha kupikwa. Kampuni yao, iliyolemewa na hasara, iingie mikononi mwa Daimler-Benz, watengenezaji wa Mercedes. Bodi ilikuwa imeridhia, na benki iliyoongoza bodi hiyo imeridhia. Ilibaki kura tu, na wengi waliiona kura yenyewe kuwa ni kukamilisha karatasi. Usiku ulipoingia pendekezo lilikuwa limekwama, na waliolikwamisha walikuwa watu wenye hisa chache chache, mawakala wa kuuza magari na wafanyakazi wa kiwandani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mbili. Yeyote anayehudhuria mkutano mkuu wa benki, kampuni au SACCOS yake atakuta humu mambo anayoyafahamu: vitabu vya hesabu vinavyogawiwa na kufunguliwa na wachache, meza kuu yenye haraka, na mtu wa viti vya nyuma anayeng'ang'ania kipaza sauti. Sababu ya pili ni gari lenyewe. Mvuto wa BMW, ule unaomfanya kijana wa Nairobi au Dar es Salaam amalize akiba yake kwa Series 3 iliyotumika kutoka Japani, hauelezeki bila siku hiyo na miaka miwili iliyoifuata.

Watu binafsi waliosimama ukumbini sikuwataja majina. Nimewaeleza kwa kazi zao, kwa kuwa kinachofundisha ni walichofanya. Majina yaliyobaki ni ya kampuni, na ya wachache ambao historia hii haisimuliki bila wao.

## Usuli

BMW haikuanza na magari. Mizizi yake ni viwanda vya ndege na injini za ndege vya München, mwaka 1916 na 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani iliposhindwa, Mkataba wa Versailles uliifungia kazi hiyo, na kampuni ikahangaika huku na kule hadi mwaka 1923 ilipotoa pikipiki yake ya R 32. Injini yake ilikuwa na silinda mbili, moja imelala kulia na nyingine kushoto, na nguvu ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Mpangilio huo ungali unauzwa hadi leo.

Magari yalikuja mwaka 1928, BMW iliponunua kiwanda cha mji wa Eisenach kilichokuwa kikiunda Austin Seven ya Kiingereza kwa leseni, kwa jina la Dixi. Mwaka 1933 ikatoka modeli 303, yenye silinda sita na ile grili ya mafigo mawili tunayoitambua hata gari likiwa mbali. Mwaka 1936 ikaja 328, gari jepesi la wazi ambalo toleo lake la mashindano lilishinda Mille Miglia ya Italia mwaka 1940. Kwa hiyo sifa ya gari la dereva ilikuwapo kabla ya vita, ingawa magari yenyewe yalikuwa machache.

Masimulizi mengi ya mashabiki hukimbilia hapa kwenye miaka ya hamsini. Sitafanya hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili BMW ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa injini za ndege za jeshi la Hitler, na kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu waliolazimishwa, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso, hasa katika kiwanda cha Allach pembeni ya München. Familia ya Quandt, ambayo itaingia katika kisa hiki kama mwokozi, nayo ilitumia kazi ya kulazimishwa katika viwanda vyake vya betri. Ilichukua miongo mingi hadi familia hiyo ikaagiza utafiti wa kihistoria kuhusu mambo hayo, na utafiti ukachapishwa mwaka 2011. Anayeisifu kampuni hii lazima alibebe na hilo.

Vita vilipokwisha, Eisenach ilibaki upande wa Wasovieti, na mitambo mingi ya München ilifunguliwa na kuchukuliwa kama fidia. Kampuni iliyokuwa ikiunda injini za ndege ikawa inatengeneza masufuria. Ruhusa ya pikipiki iliporudi, R 24 ya mwaka 1948 ndiyo iliyoisimamisha tena kwa miguu yake.

## Juu kupo, chini kupo, katikati patupu

Kosa lililozaa kisa hiki lilifanyika miaka minane kabla ya mkutano. Mwaka 1951 BMW ilionyesha saluni yake ya kwanza baada ya vita, modeli 501: gari zito lenye mapaja ya mviringo, lililobandikwa na Wajerumani jina la utani la Malaika wa Baroko. Bei yake ilikuwa zaidi ya marki 15,000 (marki ndiyo fedha ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo), katika nchi ambayo mshahara wa kawaida ulikuwa marki mia chache kwa mwezi na nyumba zilizobomolewa na mabomu zilikuwa bado hazijajengwa upya. Injini ya kwanza ilikuwa dhaifu kwa uzito ule. Mwaka 1954 ikafuata 502 yenye V8, yaani injini ya silinda nane, ya alumini, injini nzuri sana ndani ya gari ambalo wachache mno wangeweza kulinunua, na wenye uwezo huo walikwisha kuzoea kwenda kwa Mercedes.

Halafu ikaja 507, na hapa nakiri kwamba ni mojawapo ya magari mazuri kuliko yote niliyopata kuyatazama. Ni gari la wazi la watu wawili, lililochorwa na Albrecht von Goertz kwa msukumo wa mwagizaji wa magari wa New York, Max Hoffman, aliyeahidi kwamba Wamarekani wangelichangamkia likiuzwa kwa bei ya wastani. Bei ikapaa hadi karibu maradufu ya iliyokusudiwa. Elvis Presley alikuwa nalo moja alipokuwa askari Ujerumani. Yote kwa jumla hayakuzidi sana 250, na kila lililotoka liliongeza hasara.

Upande wa pili wa duka palikuwa na Isetta. BMW ilinunua leseni yake kwa kampuni ya Iso ya Italia na kuanza kuiunda mwaka 1955. Ukiiona kwa karibu unaelewa kwa nini watu waliipenda na pia kwa nini waliiacha. Uso wote wa mbele ni mlango mmoja. Ukiuvuta, usukani unafuata pamoja nao, kwa hiyo unaingia wima kama anayeingia kabatini, unageuka, unaketi kwenye kiti kimoja cha watu wawili, kisha unauvuta mlango na usukani unarudi mapajani. Nyuma ya kiti kuna injini ya pikipiki ya BMW, ya silinda moja, nguvu za farasi 12. Ziliundwa zaidi ya 160,000, na mgogoro wa Suez wa mwaka 1956, uliowatia watu hofu ya petroli, uliziongezea soko.

Tatizo ni kwamba Isetta lilikuwa gari la mtu anayetoka kwenye pikipiki kwenda mahali pengine. Uchumi wa Ujerumani Magharibi ulikuwa ukikua kwa kasi. Aliyekuwa na pikipiki mwaka 1952 alitaka paa mwaka 1955, na mwaka 1958 alitaka gari kamili la watu wanne. Pikipiki zenyewe zilianguka: kutoka karibu 30,000 mwaka 1954 hadi chini ya 6,000 mwaka 1957. Mteja huyu aliyepanda ngazi alipofika dukani kwa wakala wa BMW alikuta Isetta, alikuta modeli 600 ya mwaka 1957, ambayo ilikuwa Isetta iliyorefushwa na kuongezwa mlango wa ubavuni, kisha alikuta saluni ya V8. Akatoka akaenda kununua Volkswagen, Opel au Borgward.

## Pendekezo lilivyokuwa

Kufikia mwaka 1959 hasara zilikuwa zimefuatana na benki zimechoka. Mwenyekiti wa bodi ya usimamizi ya BMW alitoka Deutsche Bank, na Deutsche Bank hiyohiyo ilikuwa mwanahisa mkubwa wa Daimler-Benz. Kila hatua iliyofuata inasomeka vizuri zaidi ukiliweka hilo mbele.

Pendekezo lilikuwa na hatua mbili. Thamani ya hisa za zamani ingepunguzwa, kisha zingetolewa hisa mpya za marki milioni 70 ambazo wanahisa wa zamani wasingekuwa na haki ya kuzinunua. Zingekwenda kwa kundi la Daimler-Benz na benki. Yaani mwenye hisa ya BMW angekatwa kwanza, halafu angemezwa na mtaji mpya asioruhusiwa kuuchangia. Kiwanda cha München kingebaki, ila kingefuata mahitaji ya Stuttgart, makao ya Daimler-Benz. Ofa ilikuwa na mwisho wake: siku hiyohiyo ya mkutano.

Bodi ilikuwa na hoja, na si hoja ya kijinga. Fedha hazikuwapo, gari la daraja la kati lililozungumzwa kwa miaka halikuwa na mtaji wa kuliunda, na kufilisika kungewatupa nje maelfu ya wafanyakazi. Ningekuwa mwanabodi ninayetazama akaunti ya benki peke yake, huenda ningeinua mkono.

Ila palikuwa na jambo moja ambalo akaunti ya benki haikulionyesha. Mnamo Septemba, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, BMW ilikuwa imeonyesha modeli 700. Wazo lake lilisukumwa na mwagizaji wa BMW wa Vienna, Wolfgang Denzel, na umbo lilichorwa na Mwitaliano Giovanni Michelotti. Injini ilikuwa bado ni ya pikipiki, silinda mbili, imekaa nyuma, lakini kwa macho lilikuwa gari kamili, la kisasa na zuri, kwa bei ya watu wa kawaida. Wateja walikuja. Mawakala waliona kwa macho yao kwamba baada ya miaka mingi wana kitu cha kuuza. Hao ndio walioambiwa, miezi mitatu baadaye, kwamba kampuni haina mbele.

## Siku ya mkutano

Kwa hesabu za kura, wapinzani hawakuwa na nafasi. Ujerumani watu wengi huziweka hisa zao benki, na wakati huo benki ilizipigia kura kwa niaba yao isipokuwa mwenye hisa ametoa maelekezo mengine. Kwa hiyo meza kuu iliingia ukumbini ikiwa na wingi mfukoni, na sehemu ya wingi huo ilikuwa ni hisa za watu wadogo kama walewale waliokuwa wakipiga kelele mle ndani.

Wapinzani walikuwa wa aina tatu. Kulikuwa na wanahisa wadogo, kati yao mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyezungumza kwa muda mrefu na kwa ukali, akikataa kukatishwa. Kulikuwa na mawakala, ambao riziki yao ilikuwa nembo ya BMW na ambao walijua kwamba Daimler-Benz ina mawakala wake tayari. Na kulikuwa na wafanyakazi, kupitia baraza lao, waliokuwa wakipinga nje ya ukumbi kadiri walivyoruhusiwa. Mawakala walikuwa wamemweka wakili kutoka Frankfurt, na huyu ndiye aliyegeuza hasira kuwa hoja.

Mkutano ulikwenda kwa saa nyingi. Asubuhi na mchana ulikuwa wa malalamiko: kwa nini hisa zikatwe, kwa nini tusiruhusiwe kununua hisa mpya, kwa nini muda ni mfupi hivi. Maswali hayo yalikuwa ya haki na yaliwaumiza viongozi, lakini hayakuhamisha kura hata moja ya benki. Malalamiko yangeendelea hadi usiku wa manane na pendekezo lingepita.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wakili na wenzake waliacha kupigana na pendekezo, wakaenda kwenye mizania, yaani hesabu za mwaka za kampuni. Sheria ya makampuni ya wakati huo iliwapa wachache haki moja: wakipinga kipengele mahususi cha hesabu za mwaka, na wakiwa na angalau sehemu ya kumi ya mtaji, wanaweza kudai mkutano uahirishwe. Hawahitaji wingi. Wakahitaji sasa kipengele, nacho kilikuwamo. Gharama za kuliandaa gari la modeli 700 zilikuwa zimeandikwa zote ndani ya mwaka mmoja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini. Kampuni inapotengeneza gari jipya hununua kalibu za kugongea mabati, mashine na vifaa vya kuunganishia kabla gari la kwanza halijauzwa. Vifaa hivyo vitafanya kazi kwa miaka yote ambayo gari litaundwa; kwa 700 ilikuja kuwa takriban sita. Njia ya haki ni kuigawa gharama katika miaka hiyo, kila mwaka ubebe fungu lake. Ukiitwika yote kwa mwaka mmoja, mwaka huo unaonekana wa kutisha na inayofuata itaonekana mizuri kupita kiasi. BMW ilikuwa na hasara ya kweli, hilo halibishaniwi. Lakini hasara iliyowekwa mbele ya wanahisa, siku wanayotakiwa kuuza, ilikuwa imevimba.

Sehemu ya kumi ilipatikana. Mkutano ukaahirishwa, na kwa kuwa ofa ilikuwa ikikoma siku hiyo, kuahirisha kulikuwa sawa na kukataa.

## Uamuzi wa Quandt

Sasa kampuni ilikuwa huru na haina fedha. Kuna masimulizi ya kishabiki yanayoishia kwenye shangwe ya ukumbini, nayo yanapotosha: BMW ya asubuhi ya tarehe 10 ilikuwa na madeni yaleyale ya jana yake.

Herbert Quandt alikuwa mwanahisa wa BMW na, pamoja na ndugu yake Harald, wa Daimler-Benz pia. Alikuwa na uono hafifu tangu utotoni, na aliendesha shughuli zake nyingi kwa kusikiliza na kukumbuka. Hakuingia kwenye mkutano ule akiwa mpinzani. Mtu wa nafasi yake angeweza kufaidika na muungano, kwa kuwa alikuwa pande zote mbili. Badala yake alianza kununua hisa zaidi za BMW, na mwaka 1960 akachukua usukani wa mpango mwingine wa uokoaji.

Sababu zinaonekana kwenye mambo yenyewe. Upinzani ulimwonyesha kwamba wafanyakazi na mawakala hawakuwa wamekata tamaa, na kampuni ya magari isiyo na watu wa kuiunda na kuiuza haina thamani hata ikiwa na mashine. Modeli 700 ilikuwa inauzwa. Palikuwa pia na mali iliyosahaulika: idara ya injini za ndege. Mwaka 1960 kampuni ya MAN ilinunua nusu ya tawi hilo, na BMW ikapata fedha taslimu bila kuuza roho yake. Mwishoni mwa mwaka huo mtaji uliongezwa kwa utaratibu mpya, ambapo wanahisa wa zamani walikuwa na haki ya kununua hisa mpya. Lile walilolidai ukumbini likawa msingi wa mpango.

## Matokeo

Modeli 700 iliibeba kampuni hadi mwaka 1965, na zaidi ya 188,000 ziliundwa. Lakini gari lililoamua mambo lilionyeshwa Frankfurt Septemba 1961: BMW 1500. Saluni ya milango minne, injini mpya ya silinda nne mbele, nguvu za farasi 80, breki za diski mbele, na kila gurudumu la nyuma likiwa na suspensheni yake huru. Lilikuwa dogo kuliko Mercedes, jepesi kuliko Mercedes, na lilikimbia kuliko magari mengi ya ukubwa wake. Uzalishaji ulianza mwaka 1962. Mwaka 1963 BMW ililipa gawio kwa mara ya kwanza tangu vita vya pili viishe.

Mengine yalifuata upesi. Mwaka 1966 ilinunua kampuni ya Glas ya Dingolfing, ilikopata nafasi ya kupanuka. 1600 na 2002 za milango miwili zikawavuta vijana wa Ulaya na Marekani. Eberhard von Kuenheim akawa mkuu wa kampuni mwaka 1970, akakaa hadi 1993. Series 5 ikatoka mwaka 1972, Series 3 mwaka 1975, Series 7 mwaka 1977. Mwaka 1973 BMW ilikichukua kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria, kikawa kiwanda chake cha kwanza nje ya Ujerumani. Familia ya Quandt iliziuza hisa zake za Daimler-Benz kwa Kuwait mwaka 1974, na za BMW ikazishikilia: watoto wawili wa Herbert bado wana karibu nusu ya kampuni.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kusoma. Ukumbi mzima ulikuwa na hasira, na hasira hiyo ilihitajika kwa kuwa ndiyo iliyouweka mkutano hai hadi jioni, lakini mlango ulifunguliwa na mtu aliyejua sheria ya sehemu ya kumi na kipengele cha kuikamatia. Nimeona mikutano mikuu ya kwetu ambamo watu wana malalamiko ya kweli, wanazungumza kwa uchungu mkubwa, na mwishoni meza kuu inashukuru kwa michango na kupitisha kila kitu. Hawakukosa ujasiri. Walikosa mtu mmoja aliyekaa na kitabu cha hesabu wiki mbili kabla na katiba ya chama pembeni.

Pili ni muungano wa watu wenye maslahi tofauti. Mwanahisa alitaka thamani ya hisa yake, wakala duka lake, mfanyakazi ajira yake. Walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba pendekezo lisipite, na hawakupoteza muda kubishana juu ya kitakachofuata. Wakala alileta ushahidi wa soko, wakili alileta sheria, mwanahisa alileta kura. Ukimwondoa mmoja, sioni wangewezaje.

Kilichoshindwa ni usimamizi, na ulishindwa mapema sana. Bodi iliyokubali 501, 502 na 507 kwa pamoja ilikuwa ikitafuta heshima ya kabla ya vita kwa wateja wasiokuwapo. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitwa anasa, na ndiyo iliyokaribia kuiua kampuni. Kisha bodi hiyohiyo ikaongozwa na benki yenye kofia mbili. Sidai kwamba mwenyekiti alikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba mtu anayewakilisha muuzaji na mnunuzi hawezi kuaminiwa anapotangaza kwamba hakuna njia nyingine, hata akiwa anasema kweli, na hilo pekee lilitosha kumtaka akae pembeni. Utaratibu wa benki kupigia kura hisa za wateja uliongeza uzito wa kosa hilo.

Nina shaka pia na sehemu ya kisa inayosifiwa kuliko zote. Uokoaji ulitegemea tajiri mmoja. Quandt asingebadili msimamo, wanahisa wadogo wangekuwa wameshinda kura na kupoteza kampuni. Bahati nayo ilikuwapo: Borgward ya Bremen, ambayo Isabella yake ilishika hasa soko ambalo 1500 ililitaka, ilianguka mwaka 1961, mwaka uleule 1500 ilipoonyeshwa. Wateja waliachwa bila gari, na wahandisi wazoefu wakawa wanatafuta kazi. Hakuna mkakati wa München uliolipanga hilo.

Na 1500 yenyewe haikutoka ikiwa kamili. Magari ya kwanza yalisumbua gia na difu, kwa sababu lilionyeshwa kabla halijakomaa. Kampuni ilihitaji kuwaonyesha wakopeshaji na mawakala kwamba kuna kesho. Iliyarekebisha ikiwa njiani na kuongeza 1800 mwaka 1963. Mnunuzi wa kwanza alilipia haraka hiyo.

## Mvuto ulikotoka

Mara nyingi watu hueleza mvuto wa BMW kwa bei, ngozi ya viti na nembo. Kisa hiki kinaonyesha vingine. BMW ilikuwa na ngozi, mbao na V8 mwaka 1958, na haikuweza kuziuza. Ilichokipata baada ya 1959 ni mahali pake: gari la ukubwa wa kati, la familia, ambalo anayelifurahia zaidi ni aliyeshika usukani. Mercedes iliuza utulivu wa kiti cha nyuma. BMW ikaelekeza kila kitu kwa kiti cha mbele upande wa dereva, na hata mwaka huu ukikaa ndani ya Series 3 ya zamani utaona dashibodi imegeuzwa kidogo kumtazama yeye. Anasa iliongezwa baadaye, juu ya msingi huo. Hata ile kona ya dirisha la nyuma inayokunjika kuelekea mbele, ambayo mashabiki huitambulia BMW, ilianza na magari ya mwaka 1961.

Injini ya 1500 inalieleza jambo hili vizuri kuliko matangazo. Mhandisi Alex von Falkenhausen alitakiwa aunde injini ndogo, naye akaibuni na nafasi ya kukua, kwa kuamini kwamba mteja atataka nguvu zaidi. Ilianza na lita 1.5, ikafika 1.8, kisha 2.0 kwenye 2002 iliyowapa vijana wengi kichaa cha BMW. Bloku ya ukoo huohuo ndiyo iliyojengewa injini ya turbo ya Formula 1 aliyoitumia Nelson Piquet kuwa bingwa wa dunia mwaka 1983. Injini ya 1500 ilikuwa bado haijaingia kwenye gari lolote la dukani siku wale wa sehemu ya kumi walipodai mkutano uahirishwe. Walichokuwa nacho mkononi ni modeli 700 na ukurasa mmoja wa mizania.